Ilibaki Mara ya Tatu

"Wewe binti! Unanunua kuku, au umeajiriwa kulinda kizimba?"

Britta aligeuka kushoto, akageuka kulia. Hapakuwa na binti mwingine. Kijana muuza kuku alikuwa anamtazama yeye, kisu mkononi, aproni ina madoa, macho yanacheka.

"Mimi... nasubiri zamu," alijibu. Kihispania kilimtoka kwa shida, neno moja moja.

"Zamu ya nani?"

"Yangu."

Kina mama waliojazana pale wakaangua kicheko. Mmoja, mwenye kigari cha kukokota, akamgusa bega.

"Mwanangu, ulipofika uliuliza nani wa mwisho?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe hupo hapa!"

Ndivyo ilivyo soko la Salamanca. Watu hawapangi mstari. Unafika, unauliza kwa sauti nani wa mwisho, mtu anainua kidole, basi. Baada ya hapo ukitaka nenda kanunue nyanya, ukitaka kaa upige soga, nafasi yako ipo. Britta, mwanafunzi aliyekuja kusoma lugha kiangazi kile, alikuwa amesimama wima kama mlingoti, na kina mama wamempita mpaka amechoka. Kwao Duluth, Minnesota, kando ya ziwa kubwa linaloganda wakati wa baridi, mtu mwenye adabu husimama na kunyamaza. Zamu hujileta yenyewe.

"Haya uliza," yule kijana akamwambia. "Kwa sauti."

Britta akawa mwekundu mpaka masikio. "Nani wa mwisho?"

"Mimi!" kijana akaitikia, akainua kisu juu.

"Lakini wewe unauza!"

"Leo nimejipanga na mimi. Naitwa Saúl. Baada yangu ni wewe."

Kina mama wakashangilia kama wako uwanja wa mpira. Britta alirudi nyumbani na kuku ambaye hata hakukumbuka kama alikatwa vipande au la.

Nyumbani ni kwa Bi Visi, mjane aliyezoea kupangisha wanafunzi kila kiangazi. Moyo wake ulikuwa mpana na mdomo wake haukuwa na breki.

"Miguu!" alipiga kelele Britta alipovua viatu. "Vaa ndala! Sakafu hii itakutia ugonjwa, halafu mama yako aniambie nini? Kuku amekukatia nani?"

"Saúl."

"Ahaa. Mtoto wa Charo. Kijana mzuri, kuku wao wazuri. Mimi na mama yake hatuongei."

"Kwa nini?"

"Ana bakuli langu."

Britta akadhani hajasikia vizuri.

"Bakuli la plastiki, lenye mfuniko wa bluu," Bi Visi akafafanua, huku anamwaga mafuta kwenye kikaango kwa hasira. "Alipoumwa nilimpelekea kroketi, vile vitafunio vya kukaanga. Kroketi akala, bakuli akalikalia. Miaka sasa!"

"Labda amesahau."

"Mwanangu, hapa mtu anaweza kusahau siku aliyoolewa. Bakuli la mwenzake hasahau. Ukitoka na bakuli la mtu, umeahidi kurudi. Na unalirudisha kwa mikono yako mwenyewe, siyo kutuma. Asiyerudisha bakuli hana mpango wa kurudi mwenyewe."

Britta akacheka. Hakujua anafundishwa.

Mapenzi yalikuja kama yanavyokuja yakiamua. Saúl alianza kumfungia maini ambayo hakuagiza. Kisha ukaja ujumbe: "Jioni nipo chini ya saa." Pale uwanja mkuu, chini ya saa kubwa, ndipo kila mtu wa mji ule hukutana na mtu wake.

Britta alifika, akaandika: "Nipo chini ya saa."

"Hata mimi nipo chini ya saa."

"Sikuoni."

"Umenipa mgongo, mrembo."

Tangu siku hiyo ikawa mazoea. Wakanunua mbegu za alizeti, wakashuka hadi daraja la zamani, wakakaa juu ya ukuta na kutema maganda mtoni. Saúl aliongea kwa wawili. Britta alisikiliza, akielewa nusu ya maneno na uso wote.

"Kwenu mnafanya nini wakati wa baridi?" Saúl alimuuliza siku moja.

"Tunavua samaki. Tunatoboa tundu kwenye barafu, tunakaa."

"Mnaongea nini?"

"Hatuongei."

"Siku nzima?"

"Ni raha sana."

"Mama yangu! Mimi ningekufa kabla ya samaki."

Alicheka mpaka akamwegemea begani, na bega lile Britta hakulisogeza. Alikuwa amependa. Alipenda kwa namna ya kwao, kimya kimya, akisubiri kuonekana.

Kisha ikaja jioni iliyoharibu kila kitu.

"Tarehe kumi na tano, Agosti, ni sikukuu ya Bikira kijijini kwetu," Saúl alisema, safari hii bila utani. "Tunafunga kizimba, tunapanda wote milimani. Mama anapika mwanakondoo. Bibi yangu anataka kukuona. Njoo."

Moyo wa Britta uliruka. Kila mfupa mwilini mwake ulisema ndiyo. Mdomo ukasema:

"Hapana, hapana. Nitawasumbua."

Hapa msimcheke. Kwao, ukikaribishwa kahawa, unakataa. Mwenyeji anakukaribisha tena, unakataa tena, safari hii kwa tabasamu. Anakukaribisha mara ya tatu, nawe unasema haya, kama haitakuwa usumbufu. Ukikubali mara ya kwanza watakuona mlafi, hukulelewa. Mama yake Britta alichumbiwa hivyohivyo.

"Hutamsumbua mtu," Saúl akasema. "Njoo."

"Kweli, hapana. Mtakuwa na mambo mengi."

Akainamisha uso, akatabasamu, akisubiri ya tatu. Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Mto ukapita chini ya daraja. Saúl akakung'uta maganda ya alizeti kwenye suruali.

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

"Umeelewa nini?"

"Umesema hapana. Nimesikia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Twende, nikusindikize."

Asilolijua Britta ni kwamba meza ya bibi siku ya sikukuu haikaliwi na kila mpita njia. Saúl hakuwahi kupeleka msichana pale. Alishamwambia mama yake, mama akawaambia mashangazi, na mashangazi walishaanza kubishana juu ya nani atakaa karibu na mgeni. Kwa hiyo ile hapana ilianguka kwenye meza nzima.

Siku zilizofuata simu ya Britta ilikuwa baridi kama jiwe.

"Habari? Leo joto," Britta aliandika.

"Ndiyo, joto," Saúl akajibu.

Akaandika mengine, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Kwa Kihispania chake cha darasani angeweza kuagiza kahawa, kuuliza njia ya stesheni na kueleza jana alikula nini. Kusema "nakupenda, niulize tena" hakuna mwalimu aliyefika huko. Wanasema subira huvuta heri. Wanasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Britta alisubiri mpaka tumbo likamuuma kweli.

Alipojikaza akaenda sokoni, kizimba kilikuwa kimeshushwa chuma. Karatasi imebandikwa: "Tumefunga kwa likizo. Tutarudi Septemba."

Septemba yeye atakuwa Duluth. Basi la wanafunzi wote kwenda uwanja wa ndege wa Madrid lilikuwa linaondoka tarehe kumi na sita, asubuhi.

Siku ya sikukuu yenyewe, mchana, mji ulikuwa kimya, madirisha yote yamefungwa giza kuzuia jua. Bi Visi alimkuta Britta ameketi sakafuni jikoni, peku, analia juu ya simu. Kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu ndala.

"Nini, mwanangu?"

Britta akamwonyesha. Kwenye stetasi ya Saúl kulikuwa na picha ya meza ndefu uani, bibi kizee katikati, na pembeni ya bibi msichana mwenye nywele nyeusi, anacheka.

"Leire," Bi Visi akasema. "Binti wa muuza jibini, kizimba cha mbele yao. Charo anamtaka huyo awe mkwe tangu wako shule ya vidudu. Amekaa hapo kwa nini? Hiyo si ilikuwa nafasi yako?"

"Aliniita. Nikasema hapana."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi ulikataa."

"Sikukataa!" Britta akapaza sauti, na hakuwahi kupaza sauti katika nyumba ile. "Ilibaki mara ya tatu!"

Bi Visi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kuona kama ni jua.

Ilibidi Britta aeleze yote: kahawa, kukataa, kukataa tena, haya kama haitakuwa usumbufu. Alieleza kwa vidole na kwa machozi. Bi Visi alivuta kiti, akakaa taratibu.

"Na huko kwenu watu wanaoana vipi?"

"Polepole."

"Mungu wangu."

Britta akaandika ujumbe, akamsomea: "Samahani. Nilisema hapana lakini maana yake ilikuwa ndiyo."

"Usithubutu kutuma hiyo!" Bi Visi akamkamata mkono. "Charo ni Charo, lakini mwanawe amemfundisha jambo moja: mwanamke akisema hapana, ni hapana, geuka uende. Wewe leo umwambie hapana ni ndiyo? Utavunja kwa ujumbe mmoja kazi ya miaka ishirini!"

"Sasa nifanye nini?"

"Piga."

Akapiga. Haipatikani. Kijiji kile kipo katikati ya milima, na simu za mkononi huko hushika zikijisikia. Wakatafuta basi, siku ya sikukuu hakuna. Bi Visi akapigia shemeji yake mwenye gari: yuko baharini. Jirani wa juu: baharini. Mfamasia wa kona: naye baharini. Agosti ukiumwa Salamanca, jiuguze mwenyewe.

"Naweza kutembea?" Britta akauliza.

"Unaweza. Utafika Krismasi."

Hapo Britta akaweka kichwa mezani. Hakuwa analia tena. Alikuwa amefika mahali ambapo mtu hana la kufanya, hana wa kumlaumu, na saa ya ukutani inaendelea na kazi yake kama kawaida. Alimtaka kijana yule kuliko alivyowahi kutaka kitu, na kilichomkosesha ni adabu tu, ile aliyosifiwa tangu mtoto.

Bi Visi alimtazama kwa muda. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayekwenda kung'olewa jino, akaenda barazani kwenye simu ya waya, ile ya zamani, na kuzungusha namba ya nyumba ya kijijini aliyokuwa ameapa hataizungusha tena.

"Charo? Ni Visi."

Sauti ya Charo ilikuwa kubwa, Britta alisikia kila neno.

"Visi gani?"

"Usijitie hamnazo. Visi wa bakuli."

"Umenipigia siku ya Bikira kudai bakuli?"

"Lala nalo hilo bakuli. Nimepiga kwa ajili ya watoto. Saúl anaendeleaje?"

"Anaendeleaje? Amekaa hapa kama amefiwa. Mwanakondoo hagusi. Leire wa watu anamchekesha mpaka taya zimemuuma, yeye anatazama ukuta. Huyo binti wako alimkatalia mara mbili. Mimi sikumlea mwanangu aende kumbembeleza aliyemkataa."

"Umemlea vizuri, hilo nakupa, na sitarudia. Lakini sikiliza, Charo. Huyu mtoto anatoka mahali ambapo mtu akiwa na njaa anasema hapana mara mbili kwanza. Anakubali ya tatu."

"Ni dini yao?"

"Nadhani ni baridi."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu kusema kwenyewe ndio utovu wa adabu! Yupo hapa jikoni kwangu anakauka. Kesho asubuhi anaondoka."

Huko kengele za kanisa zikaanza kulia, na watu wakawa wanaitana.

"Sanamu ya Bikira inatoka kanisani, nina watu wamejaa uani," Charo akasema. "Nitaona."

Simu ikakatwa.

"Amesemaje?" Britta alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu.

"Amesema ataona."

"Ataona ni ndiyo au hapana?"

"Kwa Charo? Hata huyo Bikira hajui."

Walisubiri. Bi Visi alikaanga mayai, hayakuliwa. Britta akapanga nguo kwenye begi, akazitoa, akazipanga tena. Kila simu ilipotoa mlio alirukia, na kila mara ilikuwa ni kundi la wanafunzi, wanaulizana uzito wa mizigo. Jioni ikaja, ikapita. Hakuna aliyepiga.

Asubuhi Bi Visi alimsindikiza mpaka kwenye basi akiwa na ndala zake za ndani, jambo ambalo mjini kwao hulifanya tu kwa moto au msiba. Akampa mkate wenye nyama, umefungwa kwenye karatasi ya foili.

"Nimekufungia foili," akasema, akitazama pembeni. "Bakuli nilitaka kukupa. Lakini wewe... foili unatupa tu ukimaliza."

Britta alielewa. Alimkumbatia.

Msimamizi wa wanafunzi akaanza kupiga makofi. "Mizigo chini, watu juu! Tunaondoka!" Wenzake wakajipanga mlangoni mwa basi, mstari mmoja ulionyooka, kwa adabu zote za kwao. Britta akasimama nyuma kabisa. Walipanda mmoja mmoja.

"Nani wa mwisho?"

Sauti ilitoka upande wa pili wa barabara. Gari dogo jeupe la kubebea kuku lilikuwa limepandishwa juu ya kingo ya njia, mlango wazi. Saúl anakuja mbio, shati la sikukuu limekunjamana, nywele hazijui kitana, amekumbatia kitu kilichofungwa kitambaa cha jikoni.

"Nimeuliza, nani wa mwisho?"

"Mimi," Britta akasema. Akarudia kwa sauti: "Mimi!"

Saúl akasimama mbele yake, anahema.

"Mama ameniambia leo alfajiri. Jana alikaa na habari siku nzima, anasema alikuwa anafikiri. Nimeendesha kama mwizi."

"Na Leire?"

"Leire amesema nikikaa tena kwenye karamu na sura ile atanimwagia divai kichwani. Britta, sikiliza. Mimi sikujua kuna ya tatu. Nilikuheshimu."

"Najua. Najua. Kosa ni langu."

"Panda, binti!" msimamizi akaita. "Ndege haisubiri!"

"Sijamaliza," Saúl akamjibu bila kugeuka. Akamtazama Britta usoni. "Ilibaki mara ya tatu, nimeileta. Njoo kwetu."

Dereva akawasha injini. Ndege ilikuwa ya mchana, viza inaisha, chuo kinafunguliwa, mama yake atakuwa amesimama uwanjani Duluth na koti mkononi. Hakukuwa na hata kimoja ambacho Britta angeweza kukizuia. Jibu lake lilikuwa limekaa kwenye ulimi tangu siku ile ya daraja, na sasa lilitoka wakati halina pa kwenda.

"Haya," akasema, machozi yakimdondoka. "Kama haitakuwa usumbufu."

Saúl akacheka, huku naye anapangusa macho kwa kiwiko. Akambusu. Watu ndani ya basi wakapiga kelele, dereva akapiga honi, na msimamizi akageuza uso akajifanya anahesabu mizigo.

"Shika," Saúl akasema, akimwekea kile kitu mikononi. "Mwanakondoo wa sikukuu, amepashwa moto alfajiri. Mama amesema bakuli analitaka. Na amesema lisitumwe kwa posta."

Kitambaa kiliteleza. Bakuli la plastiki. Mfuniko wa bluu.

Bi Visi akatoa mlio. "Hilo ni langu!" Akapiga hatua mbele, mikono yote miwili imenyooka. Miaka aliyoisubiri siku hii! Vidole vyake vikagusa mfuniko, vikaujua. Kisha akasimama. Akautambua ujanja wa Charo, akamtazama Saúl, akamtazama binti wa barafu aliyelishika.

Akalisukuma bakuli taratibu, mpaka kifuani kwa Britta.

"Usilioshe kwa maji ya moto sana," akasema. "Linapinda."

Mlango ukafungwa. Britta akaona kupitia kioo mjane mwenye ndala na muuza kuku mwenye shati la sikukuu wamesimama bega kwa bega, wanapunga mikono, wanakuwa wadogo, kisha kona ikawachukua. Hakuwa na la kufanya ila kukaa. Akakaa, bakuli mapajani, bado lina uvuguvugu. Alijua bahari iliyo katikati ni pana, na kwamba ndiyo yake ilifika imechelewa. Alilia bila kujificha, kwa sauti, kama wanavyolia watu wa nchi ile aliyokuwa anaiacha.

Baada ya muda mwanafunzi wa kiti cha pili akanyoosha shingo.

"Samahani, nasikia harufu ya nyama. Lakini usijisumbue, sitaki kukupunguzia."

"Chukua," Britta akamwambia.

"Hapana, kweli."

"Chukua!"

"Sijui..."

"Hii ni ya tatu. Chukua nyama yote ukitaka." Akapangusa pua, akaushika mfuniko wa bluu kwa mikono miwili. "Bakuli niachie."